Mwaka Nilipopeleka Mashudu Ukweni

Mwanangu Leokadia,

Barua ya adabu huanza kwa kuulizia afya ya anayeandikiwa. Yako naijua. Nakusikia hapo jikoni ukibishana na mama yako juu ya masweta: yeye anataka ubebe matatu, wewe unasema Mbeya si Ulaya. Bishana kidogo, halafu ushindwe. Mimi nimebishana naye tangu kabla hujazaliwa, na matokeo unayajua.

Tangu asubuhi fundi cherehani wa hapo nje hajachoka na utani wake. Kila mteja anayepita anamwambia, "Umesikia? Leo anaondoka kesho." Mteja anasimama, anakuna kichwa, fundi anacheka peke yake mpaka anakosea mshono. Nimetoka nikamwambia, "Fundi, shona nguo za watu." Akanijibu, "Bwana Mashudu, si wewe uliyempa mtoto jina la kukatika vibaya, likawa Leo? Acha tufaidi." Nikarudi ndani. Kati ya watu wote wa Sumbawanga, mimi ndiye wa mwisho mwenye haki ya kulalamika juu ya neno lenye maana mbili. Sababu yake ndiyo barua hii.

Sitakuandikia ule nini, ulale saa ngapi, wala ukae mbali na nani. Mama yako amekwisha kuyasema hayo yote, mengine mara mbili na mengine kwa kukutazama tu. Wala sitakufundisha la kujibu wakikuuliza habari za uchawi wa radi baada ya kusikia unakotoka. Cheka tu, halafu waulize kama wana mwavuli. Ninataka kukuandikia juu ya kazi yako, na naandika badala ya kupiga simu kwa sababu vocha yangu huishia kwenye salamu.

Ulinieleza juzi, na macho yaling'aa. Kwamba hiyo kampuni ya kuuza kwa jumla ina maghala Mbeya, Tunduma na kwingineko, na kila ghala linaita bidhaa kwa namna yake. Kwamba wewe na wenzako mtaingiza orodha moja kwenye kompyuta, kila kitu na alama yake, halafu itakuwa kazi yenu kuibadili kila inapobidi: bidhaa mpya imeingia, ya zamani imekufa, katoni imebadilika ujazo, wilaya imegawanywa. Nikaanza kucheka, ukanuna ukidhani nacheka kompyuta. Mama, nisamehe. Nilicheka kwa sababu kazi hiyohiyo, bila kompyuta, ilikaribia kuninyima mama yako.

Umekua ukisikia wananiita Bwana Mashudu. Ulipokuwa mdogo uliwaambia wenzako shuleni kwamba baba yako alikuwa na ng'ombe wengi. Hatujawahi kuwa hata na mbuzi. Ukimwuliza mama yako, hukwambia, "Muulize mwenyewe." Basi nimeulizwa.

Wakati huo nilikuwa kijana mwembamba (picha ipo, usibishe), karani wa ghala la tajiri mmoja hapa mjini. Ilikuwa miaka ile ruhusa ilipotoka kwamba yeyote mwenye lori na moyo anaweza kununua mazao kwa mkulima, haikuwa tena kazi ya ushirika peke yake. Mji ulichangamka kama kuku waliofunguliwa banda. Tajiri wetu alianza na lori moja lililokuwa likisukumwa kila asubuhi, na kabla hatujakaa sawa akawa na ghala hapa, ghala Chala, ghala Namanyere na ghala Matai.

Sasa, gunia likishashonwa mdomo halina tofauti na mwenzake. Kwa hiyo tulitumia rangi ya uzi. Mahindi uzi mweupe, maharage wa bluu, ulezi mwekundu, mashudu mweusi. Mashudu, kwa kuwa wewe ni mtoto wa mjini, ni yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa mafuta, chakula cha ng'ombe. Wafugaji wa Kisukuma waliohamia huku na mifugo yao walikuwa wakiyagombania. Mbebaji alitazama mdomo wa gunia tu, akajua. Utaratibu ulitukaa kiasi kwamba majina yenyewe yakaanza kufa. Hatukusema tena ulezi. Tulisema "mwekundu". Pakia mwekundu, gunia kumi. Mwekundu wa Namanyere umekauka vizuri kuliko wa Matai. Ungetusikia ungedhani tunauza rangi.

Biashara ikapanuka, nyuzi zikawa chache. Tajiri akaanza kununua mahindi kwa madaraja mawili, akaongeza na alizeti yenyewe. Akaniita, akaniambia, "Wewe umesoma. Nipangie nyuzi upya."

Jihadhari sana na mtu anayekwambia wewe umesoma.

Nilikaa jioni nzima nikipanga. Mahindi daraja la pili nikayapa uzi mweusi. Mashudu nikayahamishia uzi mwekundu. Ulezi nikaupa uzi wa kijani, ambao mfanyabiashara mmoja aliahidi kutuletea kutoka Tunduma. Nikachora mistari kwa rula. Mwanangu, karatasi ile ilikuwa nzuri! Niliitazama kama mtu anayetazama nyumba yake mpya. Nikanakili, nikawapa madereva wapeleke kila ghala, na chini yake nimeandika: kuanzia Jumatatu, fuateni hii.

Sikuuliza magunia ya zamani, yaliyopangwa mpaka darini na nyuzi za zamani, yataitwaje hiyo Jumatatu. Sikuuliza ni nani wengine wanaotazama nyuzi zetu. Sikuuliza hata kama Jumatatu itafika. Maana kwenye karatasi Jumatatu huwafikia watu wote kwa pamoja, lakini ilikuwa masika. Jumatatu yangu ilifika Chala siku ya Jumatano. Matai ilifika wiki iliyofuata, lori lilipochomolewa kwenye tope. Namanyere nadhani haijafika mpaka leo.

Na katikati ya hayo yote, mimi nilikuwa napenda.

Mama yako unajua alikuwa wa Chala, binti wa mkulima aliyekuwa akituletea ulezi. Nilianza kwa kusifu ulezi wa baba yake, nikasifu na jinsi binti mwenyewe alivyokuwa akiisoma mizani bila kuniamini, na mambo yakaenda. Posa ikapelekwa, ikapokewa. Wakasema siku ya wazee kukutana inakuja, itapikwa pombe, na ulezi wa kuoteshea kimea alete mkwe. Kwao ulezi ulikuwepo tele, lakini walitaka kuona mkono wangu.

Nikaona jambo dogo hilo. Mtunza ghala wa Chala alikuwa rafiki yangu Kizito, mtu mpole, mwaminifu, anayefuata maagizo kama misa. Nikamwandikia kikaratasi: "Kizito, mpelekee mzee gunia moja la mwekundu. Chagua lililo bora."

Umeona? Mimi mwenyewe. Mimi niliyepiga rula. Mkono ulikuwa wangu, karatasi mpya ilikuwa yangu, na bado ulimi wangu ulikuwa unaishi mwaka uliopita. Kizito akasoma, akatazama agizo jipya ukutani, akaona uzi mwekundu ni mashudu. Hakushangaa, kwa kuwa kushangaa hakukuandikwa. Akachagua mashudu yaliyo bora kabisa, yaliyotoka mashineni yakiwa bado na mafuta, akayashona vizuri na kuyapeleka kwa mkokoteni wa ng'ombe. Kizito anasema njiani wale ng'ombe walikuwa wakigeuka nyuma kila mara. Hakushangaa hapo pia.

Wanawake walikuwa wamekusanyika uani kwa babu yako wa Chala. Aliyekata uzi ni shangazi Gaudensia, dada wa babu yako, unayemkumbuka kwa ulimi wake. Mama yako anasema harufu ilitangulia. Shangazi akatia mkono, akatoa konzi, akanusa, akasimama wima.

"Njooni mwone," akasema. "Kumbe hatukuposwa. Tunanenepeshwa."

"Labda huko mjini ndicho wanachokula," akasema mmoja.

"Mtazameni Skola vizuri," akasema mwingine akimwonyesha mama yako, "huenda kijana aliona mkia sisi hatujauona."

Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini wazee hawakucheka. Jioni ileile babu yako akatuma neno: aje yeye na mshenga wake, na posa isimame hapohapo ilipo.

Sikulala vizuri mpaka siku ya kwenda, nikiri. Nilikwenda na baba yangu mdogo Fidelis, ndiye aliyekuwa mshenga. Baba mdogo alikuwa hodari wa maneno ya harusi na ya misiba, lakini juu ya nyuzi alijua za vifungo tu. Nilimweleza njia nzima kutoka hapa mpaka Chala. Kila nikimaliza alisema, "Nimeelewa," kwa sauti ya mtu anayefikiria chakula.

Tukafika, tukasema shikamoo zetu, tukakaribishwa. Gunia lilikuwa katikati ya chumba, mdomo wazi, limekaa kama mgeni wa heshima. Kizito alikuwa ameitwa pia, amekaa karibu na mlango, magoti pamoja, kikaratasi changu mkononi.

"Gunia hili mmelituma ninyi?" akauliza babu yako.

"Ni sisi, mzee wangu," akasema baba mdogo. "Ila ilikosewa rangi."

"Mashudu yana rangi?"

"Uzi, mzee wangu. Uzi mwekundu ni ulezi."

Kizito akanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la kwanza. "Samahani wazee. Uzi mwekundu ni mashudu."

"Ni ulezi, kijana."

"Ni mashudu, mzee. Tumetangaziwa."

Babu yako akamgeukia baba mdogo. "Nani kakwambia ni ulezi?"

Baba mdogo akaninyooshea kidole mimi.

"Na wewe nani kakwambia ni mashudu?"

Kizito, kwa huzuni, akaninyooshea kidole mimi.

Huko nje dirishani wanawake waliokuwa wakijifanya wanachambua maharage wakaangua kicheko. Babu yako akasubiri kiishe. Halafu akanitazama, mara ya kwanza siku ile.

"Kijana, mimi sina ugomvi na mashudu. Nina swali moja tu. Mtu asiyejua alichotuma, atamjua aliyemwoa?"

Unajua desturi: mkwe hajibu, anajibu mshenga. Baba mdogo akanitazama nimsaidie. Mimi nikatazama gunia. Na hapo, kutoka dirishani, nikasikia sauti ninayoisikia hapo jikoni sasa hivi.

"Baba, muulizeni. Hilo neno ulezi lingemmalizia wino?"

Shangazi Gaudensia alimvuta kwa kanga mpaka nikasikia kishindo, lakini neno lilikuwa limekwisha kuingia. Hata babu yako alifunika mdomo kwa kiganja. Mwanangu, nimeonywa na matajiri, nimeonywa na mapadre, na siku moja nilionywa na trafiki. Hakuna onyo lililokaa mahali pake kama lile. Herufi tano tu. Ningeandika jina la kitu chenyewe, nikaacha rangi ikawa msaidizi wake, ningekuwa salama. Wewe utakuwa na namba na alama, na mtazizoea mpaka mzungumze kwa namba. Siku mtakapoanza kucheka wenyewe kwa wenyewe kwa namba hizo, jua mmefika nilipokuwa mimi.

Babu yako akatoa hukumu. Posa haikuvunjwa, ila ilisimama mpaka mavuno. "Nendeni mkatengeneze nyuzi zenu," akasema. "Mkishavuna mtaleta magunia mawili yameshonwa, moja la ulezi, moja la mashudu. Dada yangu huyu atachagua la kupikia pombe bila kufungua. Akipatia, mtaoana. Akikosea, mashudu tutakulisha wewe."

Njia ya kurudi baba mdogo aliniambia, "Si ungechagua binti wa mwalimu, asiyedai magunia."

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kazi niliyokuwa nalipwa kwayo. Nilimwomba tajiri nafasi kwenye lori, nikazunguka. Sikwenda kutangaza, nilikwenda kuuliza. Nilikaa na wabebaji, na walinzi wa geti, na akina mama wanaonunua ulezi wa pombe, nikawaonyesha vipande vya uzi: huu kwenu ni nini? Wakacheka sana. "Karani wa mjini hajui nyuzi zake!" Nikaacha wacheke. Huko Matai nikakuta uzi wa bluu ni wa maharage na ni wa dagaa pia, wale wanaopanda kutoka ziwani Kasanga. Nikamwuliza mtunza ghala, "Sasa mnatofautishaje?" Akanitazama kwa huruma. "Karani, dagaa?" Namanyere uzi wa bluu ulikuwa haupo kabisa, mke wa mlinzi alikuwa ameufumia vitambaa vya makochi, tena vizuri. Na kote nilikokwenda nikakuta mtu ambaye sikuwahi kumfikiria anategemea nyuzi zile. Mlinzi wa Namanyere alikuwa hajui kusoma hata herufi, lakini alikuwa anajua lori lipi litoke na lipi lingoje, kwa kutazama midomo ya magunia. Mimi ningebadili rangi nikiwa Sumbawanga, yeye angeitwa mwizi akiwa Namanyere.

Kumbe orodha niliyokuwa naringa nayo ilikuwa yangu peke yangu. Zilikuwepo orodha nne, moja kila ghala, na watu waliozitegemea walikuwa wengi zaidi ya niliowajua.

Niliporudi nilianza kwa kuuondoa uzi mwekundu usiwe na kazi yoyote. Tajiri akaja juu: "Uzi mwekundu umejaa stoo, unautupa?" Nikamwambia siutupi, naupumzisha. Nusu ya watu wakiuona waliona ulezi, nusu waliona mashudu. Ningeupa maana ya tatu ningezidisha vita. Ulikaa ndani mpaka magunia yote yenye uzi huo yakaisha, ukakaa na mavuno mengine juu yake, na hata baada ya hapo niliogopa kuugusa. Mashudu nikayarudishia uzi wake mweusi, ambao haukuwa umemkosea mtu, kwani mahindi ya daraja la pili yalikuwa bado hayajashonwa nao. Mahindi ya daraja la pili nikayapa uzi mweupe na mweusi uliosokotwa pamoja, ili hata asiyeambiwa aone kwamba ni mahindi ila yana kasoro. Alizeti nikaipa uzi wa manjano, na ulezi nikauachia wa kijani, kwa sababu rangi hizo hazikuwahi kumaanisha kitu kingine kwa mtu yeyote. Rangi ambayo haina historia ni mali, mwanangu. Usiitumie kabla ya shida.

Siku ya kuanza nayo nilijifunza kuichagua. Sikuchagua Jumatatu. Nilichagua kile kipindi kabla ya mavuno, maghala yakiwa matupu mpaka unasikia sauti yako, na nilianza kuisema mapema, wakati watu bado wanapalilia. Magunia machache ya zamani sikuyafumua, tuliyatia mshono wa uzi mpya kando ya ule wa zamani. Msimu mzima nyuzi mbili zilikaa sambamba, na mwenye kujua ya zamani alisoma ya zamani, mwenye kujua mpya akasoma mpya, na polepole mmoja akamfundisha mwingine bila mimi kufungua mdomo. Kizito alinisumbua kweli kipindi kile. Alikuwa amekoma kutoshangaa. Kila nikimpa agizo, "Karani, kuanzia lini? Na gunia lililoshonwa kabla ya hapo? Na likirudi?" Nilichoka naye, nikampenda.

Na bado niliteleza! Nilisahau magunia matupu. Yalirudi kutoka kwa wateja yakiwa na mabaki ya nyuzi za zamani kwenye pindo, tukayajaza, tukashona juu yake. Siku moja naona gunia lina kijani, lina wekundu kidogo, lina na bluu, kama bendera ya nchi isiyojulikana. Tuliketi chini, mimi na akina mama wa kushona, tukang'oa nyuzi moja moja siku nzima, wakinitungia wimbo ambao sitakuandikia.

Mavuno yakafika. Tukapeleka magunia mawili Chala. Safari hii nilikaa nayo mimi mwenyewe nyuma ya lori, nimeyakumbatia kama watoto wagonjwa. Uani kwa babu yako palijaa watu, sijui nani aliwaalika. Magunia yakasimamishwa. Shangazi Gaudensia akatoka amejifunga kanga mpya, akayazunguka. Akainama. Akasimama. Akazunguka tena upande wa pili. Akaomba maji ya kunywa, akanywa taratibu akinitazama juu ya kikombe. Jasho lilinitoka na baridi yote ile ya kiangazi. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni, na hapo ndipo nilipoona kwamba na yeye alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili.

Shangazi akanyoosha kidole. Kijani.

Vigelegele, mwanangu! Baba mdogo alimkumbatia Kizito, Kizito akalia. Na mimi, kwa kuwa Mungu aliniumba hivi, badala ya kushukuru nikajisogeza mbele nikitafuta sifa.

"Shangazi, uzi wa kijani unaonekana vizuri, eh?"

"Uzi gani?" akasema. "Mimi nimenusa."

Msimu mzima! Malori, matope, maghala manne, na yeye kanusa. Walinicheka mpaka na mimi nikajicheka. Lakini nimelifikiria neno lile miaka yote hii, na nakuomba ulibebe. Ukishapanga orodha yako ikapendeza, acha mahali pa pua. Acha mtu wa ghalani awe na ruhusa ya kupiga simu na kusema, dada, kompyuta inasema hiki ni sabuni, lakini mimi nimekishika na hakitoi povu. Kizito angeruhusiwa kunusa, angeniuliza. Mimi ndiye sikumwachia nafasi ya kuuliza.

Wakati wa kutubariki babu yako alisema, "Huyu nimempa kazi ya ulezi mmoja, akahangaika msimu mzima. Akipata watoto atakutana na ulezi wa pili, na ule hauna uzi." Watu wakacheka, nami nikacheka nao bila kuelewa. Nilielewa ulipozaliwa, ukalia usiku kucha, na hakuna aliyejua ni njaa, ni tumbo au ni hasira tu.

Sasa nikwambie la mwisho, na hili halihusu ghala.

Mama yako alipohamia hapa, kila aliposema "nyumbani" alimaanisha Chala. Nyumbani mvua imeanza. Nyumbani wanakusalimu. Kesho kutwa naomba niende nyumbani. Nami nilikuwa nanuna. Nilihangaika mpaka nikaipata ndoa, nikajenga vyumba viwili na kuezeka bati, halafu nyumbani iwe kwa mwingine? Mtu aliyekwisha kuaibika mbele ya kijiji kizima kwa kudhani maana hubadilika kwa tangazo, akamkalisha mkewe akamtangazia: "Skola, kuanzia sasa nyumbani ni hapa." Akanijibu, "Nimesikia, karani." Akaendelea vilevile.

Nikaacha. Zikapita mvua, yakapita mavuno. Siku moja tulikuwa Chala kwenye ubatizo, jua linashuka, upepo umeanza. Nikamsikia akimwambia shangazi yake, "Shangazi, tuage tuwahi nyumbani, baridi inaingia."

Shangazi Gaudensia akasimama na sufuria mkononi. "Nyumbani wapi?"

Mama yako akajifunika mdomo kwa kanga. Wakatazamana. Wakacheka wote wawili, halafu shangazi akaiweka sufuria chini akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akasema, "Haya. Nendeni nyumbani." Hakuna aliyepanga siku ile. Ilifika yenyewe, baada ya maana mbili kuishi pamoja kwa amani muda wote uliohitajika.

Kesho alfajiri utapanda basi. Kwa sasa ukisema nyumbani ni hapa, najua. Lakini itakuja siku tutakuwa tunaongea kwa simu, utasema "ngoja nifike nyumbani nikupigie," na utakuwa unamaanisha chumba huko Mbeya ambacho sijawahi kukiona. Utataka kujirekebisha. Usijirekebishe, mama. Nitakuwa nimeelewa. Mama yako ndiye atakayenuna, kama nilivyonuna mimi, nami nitamwuliza taratibu kama anaikumbuka ile jioni ya ubatizo. Hapa patabaki kuwa nyumbani, na huko nako kutakuwa nyumbani, kwa misimu mingi kadiri utakavyopenda mwenyewe.

Ukifika, nibip mara moja tu. Nitamwambia mama yako, mtoto amefika nyumbani. Akiniuliza wapi, nitamwacha ajijibu.

Ni mimi, baba yako.